Samaki Mmoja, Majina Mengi: Asili na Maana za Neno Bacalhau katika Lugha za Iberia

Utangulizi

Katika rasi ya Iberia, yaani Ureno na Uhispania, kuna samaki mmoja anayeheshimiwa kuliko wengi. Huliwa mkesha wa Krismasi, huliwa siku za mfungo, na hutajwa katika misemo ya kila siku. Wareno wamempa lakabu ya "rafiki mwaminifu". Ajabu ni kwamba samaki huyu haishi katika maji ya Ureno. Makao yake ni Atlantiki ya kaskazini, kwenye bahari baridi za Norwei, Aislandi, Greenland na Newfoundland. Jina lake la kitaalamu, Gadus morhua, alipewa na Linnaeus mwaka 1758. Wareno humwita bacalhau, Wahispania bacalao, Wagalisia bacallau, Wakatalani bacallà, nao Wabaski, ambao lugha yao haina nasaba na lugha hizo nyingine, humwita bakailao. Kiswahili hakina jina lake la asili. Neno chewa, ambalo huenda mfasiri akashawishika kulitumia, ni la samaki mwingine wa miamba ya maji ya joto.

Ni bayana kwamba majina hayo matano ni ya ukoo mmoja. Swali ni hili: ni nani aliyempa mwenziwe? Swali hili si la kupitishia wakati. Kwa karne kadhaa asili ya neno hili imetumiwa kama ushahidi wa nani aliyetangulia kufika pwani za Amerika Kaskazini, na kwa hiyo nani mwenye haki ya kujivunia bahari ile. Makala haya yanapima nadharia kuu kuhusu asili ya neno lenyewe, kisha yanaeleza maana zilizozaliwa nalo. Msimamo wake ni kwamba bacalhau lilikuwa jina la bidhaa kabla ya kuwa jina la kiumbe, na kwamba asili yake haitafutwi katika kufanana kwa maneno pekee bali katika sauti, tarehe na njia za biashara zikitazamwa pamoja.

Samaki na Matayarisho Yake

Hapana budi kuanza na samaki mwenyewe, kwani jina lake limefungamana na namna anavyohifadhiwa. Nyama yake ina mafuta machache mno. Kwa sababu hiyo hukauka vizuri bila kuoza, akawa mgumu kama ubao, na akikaushwa ipasavyo anaweza kuwekwa kwa miaka. Kwenye visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norwei, tangu zama za kale samaki huyu hutundikwa kwenye vichanja, akakaushwa na upepo baridi bila chumvi. Waholanzi walimwita huyo aliyekaushwa kwa upepo stokvis, yaani "samaki wa fimbo".

Watu wa kusini walikuwa na mali nyingine ambayo watu wa kaskazini hawakuwa nayo kwa wingi: chumvi ya bahari iliyokaushwa na jua, kama ile ya Aveiro na Setúbal nchini Ureno. Wavuvi wao walimpasua samaki, wakampa chumvi, kisha wakamkausha. Kanisa Katoliki nalo lilikataza nyama katika siku nyingi za mwaka, na bidhaa hii isiyooza ikawafaa hata waliokaa mbali na bahari. Ndipo samaki wa ugenini akawa chakula cha nyumbani.

Matokeo yake yanaonekana katika lugha hadi leo. Mreno anapotaja bacalhau, akilini mwake huja kipande kikavu chenye chumvi. Akimkusudia samaki mbichi, aghalabu hulazimika kuongeza neno fresco, kwa maana ya "asiyekaushwa". Kifaransa kimekwenda mbali zaidi, kikatenga majina mawili: cabillaud kwa samaki mbichi na morue kwa aliyetiwa chumvi. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hili. Neno ng'onda halimtaji samaki wa aina moja, bali samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa. Lugha za watu wa pwani, popote zilipo, huona haja ya kutofautisha kilichomo baharini na kilichomo ghalani.

Iberia ina mifano mingine ya mtazamo huo. Kihispania hutenga pez, samaki aliye majini, na pescado, samaki aliyekwisha kuvuliwa. Kireno hakina utengano huo, kwani peixe hutosha kwa wote wawili, lakini kimempa samaki mwingine jina la pescada, ambalo kwa asili ni "iliyovuliwa". Kutokana na hilo Wareno wana kitendawili cha kale: ni kitu gani ambacho kabla ya kuwa kilikuwa tayari? Jibu ni pescada, maana huitwa "iliyovuliwa" hata kabla nyavu hazijaigusa.

Ushahidi wa Cervantes

Ushahidi mashuhuri kuhusu majina ya samaki huyu unapatikana katika riwaya ya Miguel de Cervantes, Don Quijote, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1605. Katika sura ya pili mhusika mkuu anafika kwenye nyumba ya wageni siku ya Ijumaa, siku isiyoliwa nyama, na hakuna chakula ila samaki mkavu. Msimulizi anaeleza kwamba samaki huyo huitwa abadejo huko Castilla, bacallao huko Andalucía, curadillo kwingine, na truchuela kwingine tena. Sentensi hiyo moja ni mithili ya ramani ndogo ya lahaja.

Kila jina katika orodha hiyo lina njia yake ya kuzaliwa. Curadillo linatokana na curado, "aliyehifadhiwa", likaongezewa kiambishi cha udogo. Ni jina la matayarisho. Truchuela ni udogo wa trucha, samaki wa mito anayejulikana zaidi bara, hivyo ni jina la mlinganisho: mgeni amepewa jina la mwenyeji. Cervantes analichezea neno hilo pale Don Quijote anapodhani ameahidiwa trucha wadogo, akajibu kwamba wadogo wengi watalingana na mkubwa mmoja. Abadejo linatokana na abad, mkuu wa nyumba ya watawa, pamoja na kiambishi cha udogo, na ni jina la utani lililozoeleka. Ni bacallao pekee lisilochambulika kwa Kihispania. Haligawanyiki katika shina na kiambishi chenye maana. Mara nyingi hali hiyo ndiyo alama ya neno la kukopwa.

Abadejo linafundisha jambo la pili, kwamba jina linaweza kumwacha samaki wake likahamia kwa mwingine. Katika Uhispania ya leo abadejo hutumika zaidi kwa samaki wa jamii moja naye lakini wa spishi tofauti. Nchini Argentina jina hilohilo ni la samaki asiye na uhusiano wa karibu naye, na nchini Brazili umbo badejo ni la samaki wa miamba ya maji ya joto. Wahamiaji walibeba jina, wakamvika yule waliyemkuta.

Nadharia za Asili

Nadharia ya kwanza, na inayopendwa zaidi na wasiokuwa wanaisimu, ni ile ya Kilatini. Inadai kwamba bacalhau limetokana na baculum, yaani fimbo, kwa kuwa samaki mkavu ni mgumu kama fimbo. Kimaana nadharia hii inavutia, hasa tukikumbuka kwamba Waholanzi walimwita samaki wa fimbo. Kifonolojia, hata hivyo, inakwama. Maneno ya Kilatini yenye umbo kama hilo yalipitia mabadiliko yanayojulikana: oculum, "jicho", likawa olho kwa Kireno na ojo kwa Kihispania, na speculum, "kioo", likawa espelho na espejo. Kwa kanuni hiyo baculum lingetarajiwa kuzaa balho kwa Kireno na bajo kwa Kihispania. Sauti k isingesalia, na mwisho wa -au usingekuwa na pa kutokea. Nadharia inayoeleza maana lakini ikashindwa kueleza sauti haijaeleza neno.

Nadharia ya pili inatoka kwa Pietro Martire d'Anghiera, Mwitalia aliyehudumu katika mahakama ya wafalme wa Uhispania. Katika kitabu chake cha Kilatini kuhusu Ulimwengu Mpya, ambacho sehemu zake tatu za kwanza zilichapishwa mwaka 1516, alieleza kwamba Sebastiano Caboto aliziita nchi za kaskazini Baccalaos kwa sababu ya wingi wa samaki wakubwa ambao, kwa mujibu wake, wenyeji wa huko waliwaita hivyo. Ramani nyingi za karne ya 16 ziliandika jina hilo kwenye pwani ya Newfoundland na maeneo ya jirani. Hadi leo kisiwa kimoja kilicho karibu na Newfoundland huitwa Baccalieu, jina lenye asili hiyohiyo.

Iwapo Martire alikuwa sahihi, neno hili lingekuwa zawadi ya wenyeji wa Amerika kwa Ulaya. Kuna sababu za kutilia shaka. Wavuvi wa Ulaya walifika kwa wingi kwenye bahari ile mara baada ya safari ya Giovanni Caboto ya mwaka 1497, na baadaye ikazuka huko lugha ya mchanganyiko baina ya Wabaski na wenyeji kwa ajili ya biashara. Yamkini, basi, mgeni aliyelisikia neno hili kinywani mwa mwenyeji alikuwa anasikia mwangwi wa neno lililoletwa na wavuvi. Tena umbo lenye sauti za karibu mno na hili lilikuwako Ulaya zaidi ya karne tatu kabla ya safari hiyo, kama itakavyoonekana hivi punde.

Nadharia ya tatu ni ya Wabaski. Walikuwa mabaharia hodari, wakawinda nyangumi na kuvua samaki katika Atlantiki ya kaskazini, na neno lao bakailao linafanana kabisa na yale ya majirani. Wapo waliolitumia neno hili kudai kwamba Wabaski walikwisha kufika Amerika kabla ya Colón. Hata hivyo neno si nanga. Kuwapo kwake mahali hakuthibitishi ni nani aliyelitia pale, wala lini. Isitoshe, bakailao halina mzizi unaoeleweka ndani ya Kibaski chenyewe. Dai lenye nguvu zaidi ni kwamba Wabaski walikuwa mojawapo ya madaraja ambayo neno lilivukia, wala si chemchemi yake.

Nadharia ya nne inaelekeza kaskazini, kwenye nchi za Uholanzi na Flanders. Kiholanzi humwita samaki huyu kabeljauw, na umbo la neno hilo lililolatinishwa, cabellauwus, linapatikana katika maandishi ya mwaka 1163. Ndilo neno lililozaa cabillaud la Kifaransa. Ukiyaweka kabeljauw na bacalhau sambamba utaona konsonanti zilezile tatu. Kilichobadilika ni kwamba k na b zimepishana nafasi. Mwisho -ljauw nao unalingana vyema na -lhau la Kireno, na -llao la Kihispania cha Cervantes, ambalo baadaye lilirahisishwa kuwa -lao. Hili ni jambo ambalo baculum haiwezi kulieleza hata kidogo.

Kupishana kwa sauti si jambo geni katika lugha za Iberia. Parabola la Kilatini lilizaa palabra la Kihispania, periculum likazaa peligro, na miraculum likazaa milagro. Ni kweli kwamba katika mifano hiyo zilizopishana ni r na l, wala si k na b, kwa hiyo mifano inaonyesha uwezekano tu, haikati shauri. Kiholanzi nacho kina umbo bakeljauw linalotumiwa kwa samaki wa chumvi, na wataalamu wanatofautiana iwapo umbo hilo ndilo lililokwenda kusini au ndilo lililorudi kutoka kusini likiwa limegeuzwa. Hata asili ya kabeljauw lenyewe haijaafikiwa.

Hapa ndipo njia za biashara zinapokuja kama shahidi. Katika zama za kati wafanyabiashara wa Castilla, wa Nchi ya Wabaski na wa Ureno walikuwa na vituo vyao katika mji wa Bruges huko Flanders. Walipeleka sufu, mvinyo, matunda na chumvi, na kurudi na bidhaa za kaskazini. Wakati huohuo samaki mkavu wa Norwei alikuwa akisafirishwa kusini kupitia Bergen na wafanyabiashara wa miji ya Kijerumani iliyoungana chini ya Hansa. Watu wa Iberia, basi, waliweza kukutana na samaki huyu sokoni kabla ya kukutana naye baharini. Kwa kuzingatia tarehe, sauti na njia hizo kwa pamoja, nadharia ya kaskazini ndiyo yenye uzito zaidi, ijapokuwa haijafunga mlango.

Maana Zilizozaliwa na Jina

Neno likikaa muda mrefu katika lugha huzaa. Katika Kihispania "kukata bacalao" ni kuwa mwenye kauli ya mwisho. Wapo wanaoueleza msemo huu kwa kumtaja mwenye duka aliyekata vipande kwa kisu kikubwa, na wapo wanaomtaja msimamizi wa mashamba ya Karibiani aliyewagawia watumwa posho yao. Maelezo yote mawili yanakubaliana katika jambo moja: anayegawa chakula ndiye mwenye mamlaka. Kwa Kireno shughuli iliyoishia patupu husemwa kuwa imebaki "katika maji ya bacalhau". Msemo mwingine wa Kireno hudai kwamba kwa mtu wa hadhi fulani bacalhau inatosha, na hutumiwa kumdharau mtu. Unakumbusha enzi ambapo samaki huyu alikuwa chakula cha wanyonge. Katika mazungumzo yasiyo rasmi Mreno anaweza kumwambia mwenzake ampe bacalhau, akimaanisha mkono wa salamu. Nchini Brazili mtu aliyekonda sana huitwa kwa jina hilo.

Maana moja, hata hivyo, haina ucheshi. Katika Brazili ya enzi ya utumwa bacalhau lilikuwa jina la mjeledi wa ngozi iliyosokotwa, uliotumiwa kuwachapa watumwa. Uhusiano wa neno hili na utumwa haukuishia hapo. Samaki wa chumvi wa daraja la chini kabisa, asiyefaa masoko ya Ulaya, aliuzwa kwa wingi katika visiwa vya Karibiani awe posho ya Waafrika waliofanya kazi katika mashamba ya miwa. Hivyo neno ambalo mezani pa Mreno lilimaanisha rafiki, kwenye mashamba ya Brazili lilimaanisha maumivu. Anayeandika historia ya neno na kuiacha maana hiyo kwa kuwa haipendezi ameandika nusu yake tu.

Bahari nayo ina historia yake. Nchi iliyoitwa Baccalaos kwa wingi wa samaki ilivuliwa kupita kiasi, hata mwaka 1992 serikali ya Kanada ikapiga marufuku uvuvi wa kibiashara wa samaki huyu kaskazini mwa Newfoundland. Watu takriban 30,000 walipoteza kazi. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2024. Ureno, ambayo meli zake zilikuwa zikienda huko kila msimu, sasa hutegemea zaidi samaki wanaotoka Norwei na Aislandi. Jina limebaki, ingawa samaki kwa sehemu kubwa aliondoka.

Funzo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wareno waliofika Malindi mwaka 1498 na kuanza kuijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593 waliacha maneno kadhaa katika Kiswahili: meza, bendera, leso, mvinyo na gereza, ambalo linatokana na igreja, "kanisa", likageuka maana kabisa. Bacalhau halimo katika orodha hiyo. Haishangazi. Pwani yenye papa mkavu na ng'onda haikuwa na haja ya kukopa jina la samaki mkavu kutoka mbali. Lugha hukopa neno pale inapokopa kitu au inapolazimishwa kukipokea.

Hata hivyo kisa cha bacalhau kinatuhusu kwa njia nyingine. Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba meza ya kulia chakula imepata jina lake kutokana na kitenzi kumeza, kwa kuwa ndipo chakula kinapomezwa. Hoja hiyo ni ndugu wa hoja ya fimbo: maana inaingia vizuri, historia haimo. Nomino ni mesa ya Kireno, kitenzi ni cha Kibantu, na kufanana kwao ni sadfa. Mwenye kutafuta asili ya neno hana budi kuuliza maswali matatu kabla ya kuridhika. Je, sauti zinafuata kanuni zinazojulikana? Je, tarehe za maandishi zinaruhusu? Je, palikuwa na njia ya watu na bidhaa ambayo neno lingeipita?

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba bacalhau, bacalao, bacallau, bacallà na bakailao ni maumbo ya neno moja lililosafiri na samaki aliyekaushwa. Nadharia ya Kilatini inashindwa katika sauti. Nadharia ya wenyeji wa Amerika inashindwa katika tarehe, na ile ya Kibaski inachanganya daraja na chemchemi. Nadharia ya kaskazini inasimama imara zaidi kwa kuwa sauti, tarehe na biashara zinaiunga mkono kwa pamoja. Neno hili halimpi taifa lolote hati ya kumiliki bahari. Linashuhudia tu kwamba watu wa lugha nyingi walikutana sokoni na bandarini wakiuziana kitu kimoja, na kila mmoja akalitamka jina lake kama ulimi wake ulivyomruhusu.